Masikio Yangu na Mabati ya Baba Mkwe

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kwa masikio kuliko kwa macho. Nyuso za watu waliokuwapo nyingine zimenitoka, na rangi ya shati nililovaa siwezi kuapa. Lakini mlio wa siku ile ninao mpaka leo. Nikikaa hapa nje kwangu Chepseon asubuhi na mapema, kabla malori hayajaanza kupanda kilima, bado nausikia. Ilikuwa siku ya kuposa, ile sisi Wakipsigis tunayoiita koito, na nusura nimkose mke wangu kwa sababu ya uongo mdogo wa tumbo.

Usicheke bado, wewe kijana wa watu ninayekuita mwanangu. Ngoja nikueleze tulikotoka.

Mimi nilizaliwa na masikio mabaya. Si kwamba hayasikii. Yanasikia kupita kiasi. Sauti ambayo wewe unaisikia ikapita, mimi inaniingia na kukaa. Kijiko kikianguka kwenye sahani ya bati naumia mpaka kwenye meno. Nilipokuwa mdogo nilizunguka njia ndefu, katikati ya mahindi ya watu, ili nisipite karibu na mashine ya kusaga unga pale senta, na mama akadhani naogopa mbwa wa jirani. Shuleni kengele yetu ilikuwa ringi ya lori iliyotundikwa mtini, na mwalimu wa zamu aliigonga kwa chuma kana kwamba imemtukana. Nikiziba masikio, wenzangu walicheka, na mwalimu alinichapa akisema nadharau kengele ya shule. Basi nikajifunza kutoziba. Mahali pake nikajifunza jambo baya zaidi: nikajifunza kusema tumbo linaniuma.

Tumbo halina shahidi, mwanangu. Ukisema linauma, nani atalifungua aangalie? Kwenye harusi ngoma zikianza, mimi tumbo. Kanisani vijana wakichangamka na kayamba, mimi tumbo, na huyo nimetoka nje nikajibanza nyuma ya choo mpaka mahubiri yaanze. Baba mdogo Kipsang, aliyenilea baada ya baba yangu kufa, alinipeleka zahanati mara mbili. Nikapewa dawa za minyoo, na nikazimeza zote kwa uaminifu mkubwa. Minyoo sikuwa nayo hata mmoja.

Utaniuliza kwa nini sikusema ukweli. Nitakuambia. Mimi ni mwanamume niliyepita jandoni. Nilisimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho, wazee wakitazama uso wangu kama watu wanaotazama mawingu wakati wa kupanda. Sasa mtu kama huyo arudi nyumbani, aseme ameumizwa na kijiko? Niliona ni afadhali kuwa na tumbo bovu kuliko kuwa na moyo mwoga, na sikujua kwamba hayo mawili hayakuhusiana. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikuwa nakilalia, na bado nilikuwa najidanganya kwamba kunguni hakuna.

Nilipofika miaka ishirini na minne, nilimpata Chelangat. Alikuwa amekuja kwa shangazi yake upande wetu kusaidia kuchuma majani ya chai, na shamba la shangazi lilipakana na letu. Wachumaji wengine, ukiwa mstari wa tatu, wanakupigia kelele za kutoka mstari wa kwanza. Yeye hakupiga kelele. Akitaka kukuambia kitu alikuja mpaka ulipo, na kikapu chake mgongoni, akakwambia kwa sauti ya chini kama mtu anayemtuliza ng'ombe mwenye ndama. Nilimpenda kwanza kwa sauti, uso nikaupenda baadaye. Lakini hata yeye sikumwambia. Aliponiuliza mbona siendi sokoni siku za Jumamosi, nilimjibu unajua nini. Tumbo.

Basi siku ikafika. Tukaenda kwao, karibu na Silibwet, mimi na baba mdogo Kipsang na wazee wanne wa kwetu. Baba yake Chelangat, mzee arap Ng'eno, alikuwa mkulima hodari wa chai na ng'ombe wa maziwa, na mwezi ule ule alikuwa amemaliza kuezeka nyumba mpya kwa mabati. Yaling'aa mpaka ukiwa ng'ambo ya bonde unayaona. Dari haikuwapo, ukiinua macho unaona mabati yenyewe na misumari yake. Mzee alituketisha kwenye mabenchi, akatazama juu kidogo, akangoja mtu ayasifu. Baba mdogo akayasifu vizuri sana. Hapo nyuso zikafunguka.

Mazungumzo yalikwenda kama maji kwenye mteremko. Tukaulizana koo, tukakuta hatuna undugu wa kuzuia ndoa. Habari za ng'ombe zikasemwa bila mtu kupandisha sauti. Likabaki jambo moja tu, mursik, maziwa yetu ya kibuyu. Kwa wazee wa nyumba ile mambo yalikuwa hivi: mama wa binti huleta kibuyu, akakitikisa, akammwagia kijana kikombe cha kwanza. Akishakunywa, neno limefungwa. Akiinuka kabla ya kunywa, ameikataa nyumba, na wazee wake wachukue fimbo zao waende. Hilo halina mjadala.

Sasa sikiliza jinsi uongo unavyotembea. Habari za tumbo langu zilikuwa zimefika Silibwet kabla yangu. Shangazi yake Chelangat alikuwa amesema, bila ubaya wowote, kwamba kijana ni mtu mzuri ila tumbo lake halitulii. Kwa hiyo arap Ng'eno akamwuliza baba mdogo mbele ya watu wote, "Huyu kijana wako maziwa anaweza? Nimesikia ako na shida ya tumbo."

"Maziwa?" baba mdogo akacheka. "Huyu atakunywa na kibuyu yenyewe."

Wote wakacheka. Lakini niliona macho yote yamehamia kwenye mdomo wangu. Mkipsigis ambaye tumbo lake linakataa mursik, wewe utampa binti yako?

Mama akaingia na kibuyu. Nje kulikuwa kumeanza kuwa giza la mvua, ile mvua yetu ya baada ya chakula cha mchana ambayo hata wewe unaijua. Hakuna aliyeijali. Mama akaanza kutikisa kibuyu. Na hapo jiwe la kwanza la mvua likaanguka juu ya mabati.

Likafuata la pili. Halafu mbingu yote ikamwagika.

Mvua ya mawe umeiona, mwanangu, hii nchi ni kwao. Lakini hujaisikia kwa masikio yangu, chini ya mabati mapya yasiyo na dari. Siwezi kukueleza zaidi ya kusema kwamba niliacha kujua niko wapi. Niliona mama anamimina, niliona kikombe kinakuja kwangu, niliona midomo ya wazee inachezacheza bila sauti. Nikainuka. Sikuamua kuinuka; nilijikuta nimeinuka. Nikampita mama na kikombe chake, nikafungua mlango, nikakimbia nje kwenye mawe yale yale. Kichwa changu kilikuwa wazi, na mawe ya ukubwa wa punje za mahindi yalinipiga utosini. Na ukweli wa Mungu, niliona nafuu.

Pale uani palikuwa na nyumba nyingine, ndogo, ya zamani, imeezekwa kwa nyasi. Nikaingia bila kubisha hodi.

Ndani palikuwa na utulivu ambao siwezi kuusahau. Mawe yalianguka juu ya nyasi kama mtu anayepepeta wimbi kwenye ungo, hivyo tu. Bibi mmoja mzee alikuwa ameketi juu ya ngozi ya kondoo karibu na moto, anasafisha kibuyu kwa mkaa. Alikuwa Kogo, ndivyo tunavyomwita bibi, mama mzazi wa arap Ng'eno. Hakushtuka. Alinitazama nilivyolowa, na mikono yangu miwili imebana masikio.

"Wewe ndio kijana ya koito?" akaniuliza.

"Ndio, Kogo."

"Umekimbia maziwa ya mtoto wetu?"

"Hapana, Kogo."

"Basi ni nini? Ni ile tumbo?"

Mwanangu, neno lilikuwa tayari ulimini. Miaka kumi na mitano lilinisaidia, na lingenisaidia tena. Lakini katika kimya kile niliona aibu kulitamka. Nikashusha mikono. Nikasema jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu aliye hai.

"Si tumbo. Ni masikio. Kelele inaniumiza, Kogo. Ya mabati, ya kengele, ya kila kitu. Tangu nikiwa mtoto."

Hakucheka. Aliweka kibuyu chini polepole, akaelekeza kidole juu.

"Hii nyasi unaona? Mtoto wangu alitaka kuniwekea mabati, alinunua mpaka misumari. Nikamwambia, Ng'eno, weka kwako. Mimi masikio yangu haiwezi hiyo kitu. Akacheka siku mbili. Ya tatu akaenda kukata nyasi. Watu wanasema mama ya Ng'eno anapenda mambo ya kizamani. Wacha waseme. Mimi nalala."

Nilikuwa nimeamini kwamba duniani niko peke yangu, na kumbe hapa kuna bibi mwenye masikio kama yangu, anaishi, anakula, ana wajukuu, na ana paa alilolitaka. Nadhani niliangua machozi. Yeye hakunipa nafasi ya kulia. Uso wake ulibadilika ukawa mkali.

"Sasa nikuulize. Mimi nilisema na wewe ulificha. Nani ameumia? Ukisema masikio, wangecheka siku mbili. Ukasema tumbo, sasa wanadhani umekataa maziwa. Yule msichana ako kwa jikoni anangoja kuitwa, na wewe umemwaibisha mbele ya ukoo yake na yako. Masikio haijaleta hiyo aibu. Ni mdomo yako imeleta."

Niliinamisha kichwa. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na mimi nilikuwa nimeficha mpaka karibu nisiwe hata na wa kuzaa naye.

"Nitaenda niwaeleze," nikasema. "Ngoja mawe yaishe."

"Ikiisha, maziwa itakuwa imerudi kwa kibuyu na wazee wako wako barabarani. Utarudi sasa."

"Kogo, siwezi. Ile kelele..."

"Sijakuambia usisikie kelele. Nimekuambia urudi. Ziba masikio yako mbele yao, wakuone vile uko. Ukitaka kulia, lia. Lakini ukae."

Akanyofoa manyoya kidogo kwenye ile ngozi ya kondoo, akayapaka siagi, akayafinyanga kwa vidole vyake, akaniwekea mwenyewe masikioni kama mama anayemvisha mtoto kofia. Akasema haitanyamazisha, itapunguza tu. Kisha akanisukuma mlangoni kwa mkono ambao hungedhania una nguvu zile.

Uani pale ni hatua kama thelathini. Sijawahi kutembea safari ndefu zaidi ya ile.

Nilipofungua mlango, baba mdogo Kipsang alikuwa amesimama na fimbo mkononi, uso wake umeanguka. Wazee wetu walikuwa wanatafuta kofia zao. Mama alikuwa amekwisha kufunika kibuyu. Hakuna aliyeweza kusema neno, kwa sababu hata ukipiga mayowe pale ndani hungesikika. Wakanitazama tu. Nikaenda mpaka kwenye benchi langu, nikaketi, nikainua mikono yote miwili mbele ya wazee wa koo mbili, nikaziba masikio yangu.

Kogo alisema kweli: yale manyoya yalipunguza, hayakunyamazisha. Meno yaliniuma, kichwa kilipasuka, machozi yakatiririka mpaka kidevuni nami sikuyafuta, maana mikono ilikuwa na kazi. Aibu niliyoiona ingetosha kugawanywa kwa ukoo mzima. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nilijiambia: jandoni ulikaa kwa sababu wazee walikuwa wanakutazama; leo kaa kwa sababu unamtaka yule msichana. Kila moyo uliponiambia simama, niliujibu kwa neno lile lile moja. Kaa. Sijui ilichukua muda gani. Mzee mmoja wa kwao aliketi tena. Baadaye na wa pili. Baba mdogo alibaki amesimama, lakini fimbo aliiegemeza ukutani.

Halafu ikakoma ghafla, kama kawaida yake.

Arap Ng'eno alitoka kwanza kuangalia chai yake, na aliporudi uso ulikuwa mweusi, maana majani yalikuwa yamechanwa shamba zima na hakungekuwa na uchumaji wiki kadhaa. Haukuwa wakati mzuri wa kumwomba mtu binti. Akaketi. "Haya. Sema."

Nikasimama. "Mzee, mimi sina ugonjwa wa tumbo. Sijawahi kuwa nayo. Nilidanganya baba mdogo, nikadanganya kila mtu, hata Chelangat. Shida yangu ni masikio. Kelele kubwa inaniumiza sana. Sikukimbia maziwa. Nilikimbia mabati."

Baba mdogo alinigeukia. Nilimwona anahesabu kichwani zile safari za zahanati. Hilo liliniuma kuliko kelele.

Mjomba wake Chelangat, mtu mrefu mwenye sauti nzito, akauliza, "Kama mabati inamkimbiza hivi, sasa watoto wakianza kulia nyumbani atakimbilia wapi? Atamwachia msichana yetu peke yake?"

Swali lilikuwa la haki, na sikuwa na jibu la busara. Nilikuwa na la kweli tu. "Nitatoka, mjomba. Halafu nitarudi."

Hapo mlangoni tukasikia mtu anakung'uta miguu. Alikuwa Kogo, amejifunika gunia kichwani. Hakuingia. "Ng'eno," akamwita mwanawe, "nyumba yangu uliezeka na nini?"

"Nyasi, mama."

"Kwa nini?"

Alimtazama mama yake, akanitazama mimi, akatazama yale mabati yake juu. Kisha akaagiza binti aitwe.

Chelangat akaja akasimama karibu na mama yake. Nyumba zile kuta za ndani hazifiki juu. Alikuwa amesikia kila neno. Baba yake akamwuliza anasemaje. Alisema kwa sauti yake ile ya chini, mpaka wazee wawili wakainama mbele kumsikia. "Ametoka mara moja. Na amerudi mawe ikiwa bado inaanguka. Mama ammwagie."

Nikamwagiwa. Nilikunywa kikombe, nikaongezwa cha pili, na cha tatu mjomba yule mrefu alinishikia mwenyewe mpaka kikaisha, ili kujiridhisha. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, tumbo liliniuma kweli.

Mwanangu, tulikaa pamoja miaka zaidi ya arobaini. Nyumba yangu ya kwanza niliiezeka kwa mabati kama watu wote, lakini chini yake tulitandaza dari ya magunia, mimi napigilia na yeye ananishikia. Watu waliuliza ni ya nini. Tuliwaambia. Walicheka siku mbili.

Nilipopata kazi kwenye kiwanda cha chai, siku ya kwanza waliniweka kwenye mashine za kusaga majani. Nilikaa mpaka saa nne. Nikamwendea msimamizi nikamwambia kazi naitaka, chumba hiki siwezi, na sababu ni hii. Alinitazama kama mtu aliyeona mbuzi anasoma gazeti. Lakini alinipeleka kwenye uwanja wa kuni za tanuri la boila, nje, penye upepo, na hapo nilifanya kazi mpaka nikastaafu. Yako mambo ambayo mtu hawezi kukupa kwa sababu tu hajui kwamba unayataka.

Watoto walikuja sita, na walilia kama watoto. Nikizidiwa nilimwambia mama yao, "Natoka, narudi." Naye alijibu, "Haya, chai itakungoja." Nikaenda kwa ng'ombe, nikasimama nao kidogo, nikarudi. Hatukuwahi kuongeza wala kupunguza maneno hayo. Sisemi nilikuwa malaika. Iko siku kifungua mimba wetu aliangusha sufuria, nami nikamzaba kofi kabla sijajijua. Chelangat hakupandisha sauti. Aliniambia tu kwamba masikio ni yangu, na shavu ni la mtoto. Nilimwomba kijana msamaha, na sijarudia. Ukali wa masikio si ruhusa ya kuwa mkali kwa watu, shika hilo.

Mwaka jana Chelangat aliniacha. Aliugua muda mfupi.

Watoto walipanga mazishi kama yanavyopangwa siku hizi: hema, jenereta, na spika nne ndefu kama milango. Niliziona zikishushwa uani. Miaka ya nyuma, kijana yule wa tumbo angetafuta mahali pa kujificha na mke wake akazikwa yeye akiwa nyuma ya choo. Niliwaita wote sita, nikawaambia mama yenu atazikwa bila spika.

Yule yule kifungua mimba, sasa mtu wa mvi, akasema, "Baba, watu watakuwa wengi. Wenye wako nyuma hawatasikia."

"Wasogee mbele."

"Hakuna nafasi, baba."

"Wasimame. Mimi nataka kukaa hapa na mama yenu mpaka mwisho, na hiyo mashine itanitoa."

Walinung'unika, majirani wakanung'unika, mwenye spika akanung'unika kuliko wote. Mchungaji alikubali. Na siku yenyewe, mchungaji alipofungua kinywa bila maiki, watu wa nyuma hawakusikia, kama kijana alivyosema. Basi wakasogea. Wakaacha viti, wakaja wakaketi kwenye nyasi, bega kwa bega, mpaka wa mbele wakawa karibu kugusa jeneza. Vijana wa bodaboda walizima pikipiki zao barabarani bila kuambiwa. Kwaya iliimba kwa makoo tu. Mwanamke yule aliishi kwa sauti ya chini, na aliagwa kwa sauti ya chini, na nchi nzima iliinama kumsikia. Nilikaa mpaka koleo la mwisho la udongo. Sikutoka hata mara moja.

Kwa hiyo, mwanangu, nasaha yangu si ndefu. Kama una masikio kama yangu, au una jambo lingine lolote ambalo mwili wako umekupa bila kukuuliza, liseme kwa jina lake. Usilibatize tumbo. Watu watacheka siku mbili, na wewe utakuwa na paa lako. Usiache kwenda harusini, sokoni, kanisani, kazini, ukidhani dunia ni ya wenye masikio magumu peke yao. Nenda, na ukizidiwa toka, lakini ukitoka sema unarudi, na ukisema unarudi, rudi hata kama mawe bado yanaanguka. Na wewe uliyejaliwa masikio yanayovumilia, ukimwona mtu ameziba yake usimwulize yeye ni mwanamume wa namna gani. Punguza sauti. Msogelee.

Mungu akulinde, mwanangu. Ng'ombe wako wasikaukiwe, chai yako ipite salama kwenye msimu wa mawe, na nyumba yako ipate dari. Na kila utakapolazimika kutoka, akuachie ndani mtu anayejua kwamba utarudi, na chai yako ikiwa bado ya moto.